Mishale ya Shimo la Kwanza

Nyumbani kwao kilima hakikutajwa mezani. Siasa zilitajwa, tumbo la jirani lilitajwa, hata shemeji aliyepitiwa na usingizi kwenye harusi yake mwenyewe alitajwa kwa mapana na marefu. Kilima, hapana. Mama ndiye aliyeweka sheria hiyo, na aliisimamia kwa upawa: aliyethubutu kukizungumzia alipakuliwa wa mwisho.

Sheria ilikuwa rahisi kuifuata mpaka binti yao mkubwa alipopata kazi kwenye kilima kilekile.

Binti huyo alikuwa mjiolojia kama baba yake. Kazini walimwita Dada Nyundo, kwa sababu nyundo ya kupasulia mawe ilining'inia kiunoni mwake saa zote, kiasi kwamba benki walishamzuia mlangoni. Kila Jumapili alipokuja kula kwa wazazi wake, baba alimuuliza maswali yaleyale.

"Kazini vipi?"

"Salama, baba."

"Mawe yapo?"

"Yapo."

"Haya. Nisogezee chumvi."

Hapo mama alishusha pumzi, na chakula kikaendelea.

Kisa chenyewe kilikuwa cha zamani. Maofisa wa serikali walikuwa wakipita bonde hadi bonde wakichota mchanga wa vijito ili waupime, na mchanga wa kijito kimoja ukaonyesha shaba nyingi kuliko kawaida. Walipokifuata kijito hicho kwenda juu, walikuta kilima ambacho mawe yake yalikuwa na ukungu wa kijani, kama wa sarafu iliyosahauliwa mahali penye unyevu. Kampuni ya kwanza ikaja, ikamwajiri baba, wakati huo kijana mwenye masharubu na suruali pana, na yeye ndiye aliyechagua mahali pa kuchoronga shimo la kwanza.

Baba aliamini kwamba zamani za kale, chini ya kilima, mwamba ulioyeyuka ulipanda kutoka kilindini ukakwama kabla ya kufika juu. Ulipokuwa unapoa ulitoa maji ya moto yenye madini, kama sufuria inayotokota chini ya mfuniko uliobana. Mwamba wa juu ukapasukapasuka, maji yakapenya, na nyufa zikazibwa na mishipa ya kwatzi, jiwe jeupe na gumu, yenye shaba ndani yake na molibdeni, madini ya kijivu ya kuimarishia chuma. Karibu na moyo wa joto lile ndiko iliko mali. Ukienda mbali na moyo unabaki na pairiti, lile jiwe la manjano linalong'aa na kuwapa watu matumaini ya bure.

Shimo la kwanza liliangukia pembeni. Lilipata mishipa michache na shaba kidogo, basi. Lakini baba alipopima namna mishipa ilivyoinama, alisema moyo uko magharibi, chini ya mwamba mweusi uliokuja baadaye ukafunika upande mzima kama kofia. Kabla hajapata nafasi ya kuchoronga huko, bei ya shaba ikaanguka na kampuni ikafunga virago.

Ikaja kampuni ya pili. Vijana wake waliipima upya mishipa ileile ya shimo lilelile, wakapata kinyume: imeinamia mashariki. Walimwita baba ofisini, wakampa kiti na soda, wakamwambia kwa heshima zote kwamba alikosea. Kisha wakachoronga mashariki, shimo baada ya shimo, wakapata pairiti ya kujaza lori. Nao wakaondoka.

Tangu siku ya ile soda, baba hakukitaja tena kilima. Hakujitetea, wala hakukubali. Alipostaafu alijifunza kutengeneza saa za ukutani, na nyumba nzima ikawa inagonga saa sita mara tano.

Sasa ilikuwa zamu ya kampuni ya tatu, kampuni ndogo yenye mtambo mmoja, magari mawili yanayoazimana betri, na fedha za shimo moja la mwisho. Shimo hilo likitoka patupu, kibali kinarudishwa serikalini, kilima kinabaki malisho ya mbuzi, na Dada Nyundo anatafuta kazi nyingine. Mahali pa shimo palikwisha kuchaguliwa: mashariki, mbali kidogo na yale ya zamani. Dada Nyundo alisaini pamoja na wenzake. Alimpenda baba yake, lakini vipimo ni vipimo.

Meneja wa mradi walimwita Nadhifu, na hakuna aliyemsingizia. Mashati yake yalipigwa pasi hata kwenye mikunjo ya kiwiko. Ghalani kwake fagio lilikuwa na msumari wake, na juu ya msumari palibandikwa karatasi iliyoandikwa "Fagio". Hakuwa mkali. Ukiacha kikombe mahali pasipo pake hakusema neno. Alikitazama tu kwa huzuni mpaka wewe mwenyewe ukakiondoa.

"Dada Nyundo," alimwambia asubuhi moja, "huko mashariki bado wanasawazisha uwanja wa mtambo. Wewe hebu nipigie picha michi ya shimo la kwanza. Wakubwa wanataka picha nzuri za ripoti. Hata kama tutafunga, tufunge kwa heshima."

Michi ndilo jina walilovipa vipande vya mwamba vinavyotolewa na mtambo wa kuchoronga. Mtambo huo hautoi vumbi tu. Hukata mwamba ukatoka mviringo, mnene kama mchi wa kinu. Michi hupangwa kwenye makasha yenye mifereji, kutoka juu ya shimo hadi chini, mstari baada ya mstari kama maandishi kitabuni. Na kwa kuwa shimo huenda mshazari, siku zile waliteremsha ndani yake mkuki wa chuma ambao ncha yake ilikwaruza upande wa chini wa mwamba. Kutokana na mkwaruzo huo mjiolojia alichora mstari kwenye mchi mzima, na juu ya mstari akachora mishale, ili ijulikane ncha ipi ya mchi ilikuwa wapi. Bila mstari na mshale, mchi ni jiwe tu. Utauzungusha utakavyo, nao utakubaliana na kila utakachosema.

Dada Nyundo alishusha makasha, akayapangusa vumbi, akamwagia michi maji ili rangi zitoke vizuri. Kisha akaanza kuiunganisha ncha kwa ncha, kwa sababu picha ya mchi uliounganika hupendeza. Haikuunganika. Alijaribu kuusogeza huu, akauzungusha ule. Mianya ilibaki, kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Mlangoni, juu ya tairi kuukuu, alikaa fundi wa mtambo akitafuna karanga. Mtambo wake ulikuwa umefungwa kwenye trela, kazi hana, na fundi asiye na kazi lazima asimamie ya mwenzake.

"Dada, hayo mawe yameachana," alisema. "Usiyalazimishe ndoa."

"Nyie ndio mnaoyavunja kwa nyundo yakitoka shimoni. Mngekuwa na adabu yangeungana."

"Shimo hilo lilichorongwa mimi nikiwa nanyonya. Mtafute babu yangu umgombeze."

Dada Nyundo alicheka, akaendelea. Alidhani ncha zimesagika tu, jambo la kawaida. Kisha akauona mshipa mmoja. Ulikuwa wa kwatzi, mnene kama kidole gumba, na katikati yake kulikuwa na utepe wa kijivu. Ulianza ghafla kwenye ncha ya kushoto ya mchi, kama uliozaliwa hapohapo. Kwenye mchi uliofuata kulikuwa na mshipa mwingine, unene uleule, utepe uleule, nao ulikatika ghafla kwenye ncha ya kulia. Ile michi miwili ililala ikifuatana, na kila mmoja umeupa mwenzake kisogo.

Fundi alikuwa amesogea. "Hao wamegombana kitandani," alisema. "Kila mtu ameangalia ukuta wake."

Dada Nyundo aliugeuza mchi wa kwanza, kulia ukawa kushoto. Haukuingiana na mwenzake. Akataka kuurudisha, akasita, akaugeuza na wa pili. Mshipa ukakutana na mshipa, utepe na utepe, na pale ilipoungana hata ukucha haukupata pa kuingia.

Aligeuza mchi wa tatu. Ukaingia. Wa nne, ukaingia. Alimaliza kasha zima, akavuta lingine la chini kabisa, akageuza yote iliyomo. Ilikaa kama iliyotoka shimoni jana. Jambo moja tu lilikuwa kinyume: mishale. Badala ya kwenda chini ya shimo, kama mishale ya wajiolojia wote aliowahi kufanya nao kazi, yote sasa ilielekea juu, kwenye mdomo wa shimo.

Fundi aliacha kutafuna. "Ndiyo nini hiyo?"

"Ndiyo kwamba kuna mtu aliigeuza michi yote, mmoja mmoja."

"Shimo zima? Huyo alikuwa na kisasi na nani?"

Dada Nyundo alichukua kipimapembe, akapima mshipa baada ya mshipa huku michi ikiwa imekaa sawa. Vipimo vya kampuni ya pili vilisema mishipa imelala, imeinamia mashariki. Sasa mishipa ilisimama karibu wima, na kule ilikoinamia ni magharibi. Alipima tena, safari hii kwa nia ya kujikosoa, kwa sababu aliuona moyo wake ulivyoruka na akaushuku. Mtu akimpenda baba yake anaweza kuona mishipa mpaka kwenye sufuria.

Ikatoka magharibi tena.

*

Jioni hiyohiyo alitokea nyumbani kwa wazazi wake. Mama alifungua mlango, akamtazama juu hadi chini.

"Leo si Jumapili. Nani amefariki?"

"Hakuna, mama. Nataka kumuuliza baba kitu."

"Kitu gani hicho hakingoji Jumapili?"

"Cha kilimani."

Mama alikunja uso. "Unajua sheria ya humu ndani."

"Sheria ni ya mezani. Leo sikuja kula."

Mama alifikiri, akaona hana hoja, akampisha. Lakini alimfuata nyuma, upawa mkononi, endapo tu.

Baba alikuwa amekaa mbele ya saa iliyofumuliwa, miwani kwenye ncha ya pua. Dada Nyundo alivuta kiti.

"Baba, ulipokuwa ukichora mishale kwenye michi, ilielekea wapi?"

Baba hakuinua uso. "Juu."

"Kwa nini juu?"

"Sasa ielekee wapi? Juu ndiko nilikokuwa nimesimama mimi. Mshale unaonyesha jiwe linatakiwa lirudi wapi likipotea."

"Baba, kila mtu huchora kwenda chini."

"Kila mtu yupi? Mimi kule nilikuwa na fundi mmoja na punda wawili. Fundi hakulalamika, na punda hawakulalamika."

"Na waliokuja baadaye hukuwaambia?"

"Hawakuniuliza, mwanangu." Sasa aliinua uso. "Waliniita wakaniambia. Mtu anayekuja kukuambia utamweleza nini?"

Dada Nyundo alimsimulia yote: mianya, mshipa wenye utepe, michi miwili iliyopeana visogo. Aliposema mishipa imesimama na imeinamia magharibi, baba aliweka bisibisi chini polepole. Skrubu moja ilijiviringisha mezani, ikaanguka, na hakuna aliyeiokota.

"Umepima mara ngapi?" aliuliza.

"Mpaka fundi akaniambia nenda nyumbani."

Baba alivua miwani, akaipangusa kwa shati ingawa ilikuwa safi. "Unajua, miaka yote hii mimi nilidhani ni mimi," alisema. "Nilidhani siku ile nilikuwa na malaria nikaishika dira kinyumenyume. Nimejaribu kuikumbuka ile siku mpaka nimechoka."

Saa za ukutani, ambazo hazijui kunyamaza, ziliendelea kugonga. Mama alikaa kwenye mkono wa kiti.

"Kwa hiyo nimekuwa nikiwanyima watu chakula bure," alisema.

Baba alicheka kwanza, kisha mama, na Dada Nyundo akacheka kwa kuwaona wao. Lakini alipotaka kuondoka baba alimshika mkono.

"Shimo lenu la mwisho linachorongwa wapi?"

"Mashariki. Mtambo unapanda kesho."

"Basi wahi," alisema baba. "Na huyo aliyegeuza, ukimjua, usimwendee kwa kelele. Kugeuza michi ya shimo zima si kazi ya mvivu."

*

Asubuhi Dada Nyundo alimkuta Nadhifu ofisini, anapangusa meza ambayo hata nzi angeogopa kutua juu yake. Nje, gari la kuvuta trela la mtambo lilikuwa limewashwa tayari kwa safari.

"Bosi, naomba tusipeleke mtambo kwanza. Nimeona kitu kwenye michi ya shimo la kwanza. Kuna mtu aliigeuza."

Uso wa Nadhifu ulichanua. "Kumbe umegundua. Ni mimi."

Dada Nyundo alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni, kampuni ile ya pili ndiyo iliyoniajiri," alisema Nadhifu, na sauti yake ilikuwa na ile fahari ya mtu anayesimulia bao alilofunga shuleni. "Makasha yalikuwa yamehamishwa kwa lori kutoka ghala la zamani. Nafungua, nakuta mishale yote imeangalia juu. Nikajua wapakiaji walitoa michi ili kupunguza uzito, wakairudisha ovyo. Hakuna aliyenituma, nilijituma. Niligeuza mmoja mmoja. Mgongo uliniuma mwezi mzima. Walinipa cheti, unajua?"

"Cheti cha nini?"

"Mfanyakazi bora. Kwa sababu baada ya hapo ndipo tulipoweza kupima upya mishipa na kuona kwamba..."

Hapo alisimama. Kitambaa cha kupangusia kilibaki mkononi.

"Ovyo," alisema taratibu. "Wapakiaji wakirudisha ovyo, nusu ingeangalia juu na nusu chini."

"Ndiyo, bosi."

"Ilikuwa yote. Yote iliangalia juu."

Dada Nyundo aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameandaa hotuba njiani, yenye vipimo na mantiki, na sasa hakuwa na haja nayo. Nadhifu alitoka, akapita kando ya fundi aliyekuwa akimpungia mkono, akaingia ghalani, akafunga mlango.

Walimsikia kwa nje. Makasha yalikuwa yakikwaruza sakafu, michi ikigongana, kimya, kisha makasha tena. Fundi alizima injini.

"Tunaenda au hatuendi?" aliuliza.

"Ngoja."

"Nimengoja wiki nzima. Karanga zimeniisha."

Dada Nyundo alikaa juu ya ngazi ya ofisi. Alijua kwamba Nadhifu angeweza kutoka mle ndani na kusema ameangalia, hakuona kitu, twende mashariki. Karatasi zote zilikuwa zimesainiwa. Huko magharibi, juu ya ardhi, hapakuwa na dalili hata moja ya kumwonyesha mwenye fedha. Ni mwamba mweusi mtupu na mbuzi wachache. Kwenda huko ni kusema kwamba kampuni nzima ya pili ilikwenda arijojo kwa sababu ya bidii ya mtu mmoja, na mtu huyo sasa ndiye meneja.

Nadhifu alitoka. Shati lake lilikuwa na vumbi tangu kola hadi kiunoni, na hakulipangusa. Alitoa simu, akaanza kuzunguka uwanja huku akizungumza, nao wakasikia upande mmoja tu.

"Ndiyo, mkurugenzi. Magharibi... Hapana, juu ya ardhi hakuna kitu, kumefunikwa... Kwa sababu vipimo tulivyotegemea havikuwa sahihi... Ni kwamba mawe yaligeuzwa." Alizunguka uwanja mara moja. "Mimi. Mimi ndiye niliyeyageuza... Yote, ndiyo."

Aliposhusha simu alikuwa ametoka jasho.

"Wamekubali," alisema. "Wamesema likitoka patupu nisirudi ofisini kuchukua vitu vyangu, watanitumia."

"Wakikutumia wewe watanitumia na mimi," alisema Dada Nyundo.

"Na mtambo wangu nao watautuma?" aliuliza fundi. "Basi naligeuza trela. Ila nawaambia, kule mteremko ni mbaya. Nikibingirika, semeni nilikuwa mtu mwema."

*

Mwamba mweusi ulikuwa mgumu na wenye kuchosha macho. Ulitoka mchi baada ya mchi, mweusi mtupu, laini, usio na mshipa wala doa. Kila fundi alipoleta mirija mipya yenye michi ndani, Dada Nyundo alisogea, akaangalia, akarudi nyuma. Nadhifu aliipanga kwenye makasha.

"Jamani, nimewapatia jiwe zuri la kaburi," alisema fundi. "Linatosha ukoo mzima."

Baba alifika kwa pikipiki ya kukodi, amevaa kofia yake ya zamani ambayo mama alikwisha kuitupa mara mbili. Dada Nyundo alikuwa hajamwita. Alishuka, akautazama mtambo, akautazama upeo wa kilima, na kabla hajasalimia mtu Nadhifu alikuwa mbele yake, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye niliyegeuza michi yako."

"Marahaba," alisema baba. Alimpima kwa macho. "Yote?"

"Yote, mzee."

"Na yale makasha ya chini kabisa, yale mazito?"

"Hata hayo."

"Ulikuwa na mgongo mzuri," alisema baba. "Mimi sikuwahi kuyanyanyua peke yangu."

Nadhifu akaenda kumtafutia mzee kiti, na aliporudi alikuwa na viwili.

Mwamba mweusi uliisha siku iliyofuata, mchana. Chini yake ukaja mwamba wa kijivu, na ndani ya mwamba huo, vikimetameta vibaya sana, vilikuwa vipunje vya manjano. Dada Nyundo alipasua kipande, akakiweka kwenye mwanga.

"Pairiti," alisema.

Fundi aliangalia pembeni. Nadhifu alikaa. Ilikuwa ileile ya mashariki, ileile iliyowafukuza watu wa kampuni ya pili, na kwa muda mrefu halikuja jiwe jingine. Baba peke yake ndiye aliyekuwa ameinamia kasha, kidole chake kikitembea juu ya michi.

"Hii inapungua," alisema.

"Baba, ni pairiti tu."

"Sikatai. Lakini hebu linganisha hii ya juu na hii ya chini. Hii ni pete inayouzunguka moyo; unatoka nje ya pete unaingia ndani. Wale wa mashariki, kadiri walivyokwenda ndivyo ilivyoongezeka." Alinyoosha mgongo kwa taabu. "Tusizungumze sana. Acheni mtambo ufanye kazi."

Mtambo ukafanya kazi. Pairiti ilizidi kuwa haba. Ukaja mshipa mmoja wa kwatzi, mwembamba kama uzi, kisha miwili ikikatizana, kisha mtandao mzima, kama kioo kilichopigwa jiwe na kikakataa kuanguka. Kandokando ya mishipa kulikuwa na madini mengine ya manjano, yaliyokolea kuliko pairiti, yenye wekundu wa shaba kwa mbali. Halafu mwamba wenyewe ukabadilika. Ukawa na madoa meupe makubwa ndani ya kijivu laini, kama kitambaa cha kanga kilichofifia. Dada Nyundo aliushika mchi kwa mikono miwili. Huo ndio mwamba uliopanda kutoka kilindini ukakwama. Hakuwahi kuugusa nje ya maabara ya chuo.

Katika mshipa mnene kuliko yote kulikuwa na magamba ya kijivu yenye ubuluu, laini kama mafuta. Alipitisha kidole. Kidole kikatoka na rangi ya risasi ya penseli.

"Molibdeni," alisema. Alimnyooshea baba mchi.

Baba alipitisha kidole chake, kisha cha pili, kisha vyote. Alivitazama vidole hivyo kwa muda. Nadhifu naye alisogea, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue alijipaka uchafu mkononi kwa makusudi.

"Imesimama," alisema baba kuhusu mishipa.

Ndipo fundi aliposhuka kutoka kwenye mtambo akijifuta mikono. Alikuwa hatanii.

"Bosi, nimefika mwisho wa kina kilichoandikwa kwenye mpango. Mchi wa mwisho ndio huo mlioushika. Nizime?"

Wote wakamgeukia Nadhifu. Tangu aajiriwe hakuwahi kupitisha mpango hata kwa urefu wa mkono. Mpango kwake ulikuwa kama barabara ya lami: pembeni hakuna kitu. Alitazama kasha, ambamo mishipa ilikuwa bado inazidi kunenepa kuelekea chini na hakuna dalili ya kukoma. Akatazama mirija ya kuchorongea iliyobaki kwenye trela. Akamtazama mzee, ambaye alikuwa ameangalia pembeni kwa adabu ili asimshawishi.

"Mirija unayo?" aliuliza.

"Mirija ninayo. Mafuta ya kufika kesho ninayo. Ruhusa ndiyo sina."

"Endelea."

"Bosi, wakubwa watauliza nani kasema."

"Waambie mimi. Nimeshawazoesha," alisema Nadhifu. "Endelea, nitapiga simu tukishaona chini kuna nini."

Fundi alirudi mtamboni. Injini iliunguruma, mirija ikaanza kuzunguka, na maji ya kijivu yakatiririka kutoka mdomoni mwa shimo. Dada Nyundo alivuta kasha tupu, akalipangusa. Baba alikunja mikono ya shati, akauliza kama kuna mtu mwenye kalamu ya kuchorea mishale, isiyofutika kwa maji, na akaketi karibu na mfereji wa kwanza kuungoja mchi unaofuata.